Varianti Yetu ya Bunia Haiombi Oksijeni

Muheshimiwa Mwakilishi wa Mamlaka ya Jimbo, ambaye hakuweza kufika lakini kiti yake imefika na iko hapa mbele na kitambaa cheupe. Wakubwa wa serikali, kila mutu na cheo chake, pamoja na wale wanaongojea cheo. Washefu wa kartie na wa avenyu, kuanzia avenyu ya kwanza mupaka ile ambayo bado haina jina. Mapadri, wachungaji, na wale manabii wawili wa kanisa la pembeni ya matofali. Wamama wa soko. Wamotari wote wa Bunia, watu wa pikipiki, ambao mumeacha wateja barabarani ili kuja kunisikiliza. Ndugu zetu wa Djugu, ambao vita iliwafukuza mu vijiji vyenu. Kwaya, ambayo imevaa vizuri. Mabibi na mabwana, wote kwa cheo na sifa zenu! (Makofi.) Apana, hayo si makofi ya kituo cha kisasa. Tupige bani tatu, vile tunajua! (Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa! Wamotari wanaongeza honi.) Sasa njo nasikia kwamba niko nyumbani.

Mimi, Honoré, Prezida wa Komite ya Muda ya Kufwatilia, Kutenganisha na Kusimamia Varianti, komite ambayo imekuwa ya muda tangu miaka ine, nasimama hapa Mudzipela, mbele ya turubai hii, bashe ya bluu, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuipima, na munajua kwamba mimi napima kila kitu. Nyuma ya bashe hii iko Kituo cha Oksijeni. (Kigelegele.) Hatutaifungua sasa. Protokole inasema: hotuba kwanza, mukasi kisha, oksijeni mwisho, na mutu asiniambie kwamba siye watu wa Bunia tumekuwa watu wa kuingia mu nyumba ya serikali kabla ya hotuba. (Sauti: “Ni kweli, mukubwa!”)

Wandugu, wengi kati yenu munasema “korona” kama vile ni kitu kimoja. Ni kosa, tena kosa ya watu wasiosoma. Kirusi ni kimoja lakini kinageuka-geuka, na kila sura mupya tunaiita varianti. Ile ya Delta ilikuwa ya kushuka: inashuka mu kifua, inakaa mu mapafu, mutu anapumua kama amepanda mulima na gunia ya viazi, na hapo njo watu wanakimbilia oksijeni. Ile ya Omikron ni ya kubaki juu: pua, koo, kichwa kuuma, homa kidogo, mutu mumoja anapiga chafya asubuhi, magaribi avenyu yote inapiga chafya, lakini kisha siku tano wote wako ku soko wanagombana bei. Haya yote nimeyatoa mimi mwenyewe mu rapori ya kurasa makumi nane. Nilisoma mbili, lakini zilikuwa nzito. (Kicheko. Makofi.)

Naona mukono wa munganga Vahwere, infirmie wa posti ndogo ya afya kule chini ya barabara. Sema, munganga, lakini kwa ufupi, maana wa kusema kwa urefu leo ni mimi. (Vahwere: “Mukubwa, hata Omikron inashuka mu kifua ya muzee, ya mutu wa sukari, ya mutu asiyechanjwa. Wengi wanapona, ni kweli. Lakini yule anayekosa pumzi, anaikosa sawasawa na wa Delta.”) Aksanti sana, munganga. Maulizo yatakuja ku pointi ya kumi na moja, na siye tuko ku ya pili.

Sasa, varianti ya Bunia ni gani? Komite yangu haina mashini ya kusoma kirusi. Tulituma makamasi mbali, watu wa kule wakasema ngojeni, tukangoja, tukangoja tena, na kwa sababu komite yenye heshima haiwezi kukaa mikono mitupu, tulifanya vile watu wa demokrasia wanafanya: tulipiga kura. (Mutu mumoja anakohoa.) Omikron ilipata kura kumi na moja, Delta ine. Na hata wale wane, tulipowauliza sababu, kumbe walitaka tu misioni ya kwenda Kinshasa kutafuta oksijeni! Kwa hiyo tangu ile siku, kisheria, kila mutu mwenye kukohoa Bunia iko nakohoa Omikron, na mwenye anataka kuugua Delta aandike barua, aipeleke ku sekreteri, angojee kikao. (Kicheko kirefu. Bani moja.)

Lakini nini hiyo nyuma? Wamotari, acheni kelele! (Moto moja, pikipiki, inapita katikati ya watu. Nyuma ya dereva, muzee amefungwa na kitenge ili asianguke, na binti yake amemushikilia mugongo.) Karibu, mama, karibu. Jina? Gracieuse. Na muzee? Papa Ézéchiel, miaka makumi saba na mbili, mugonjwa wa sukari. Wametoka Iga Barrière asubuhi kwa sababu walisikia mu redio kwamba leo tunafungua oksijeni. Munaona, wandugu? Matangazo yangu yanafika mupaka Iga Barrière! (Makofi machache.) Mumukalishe. Apana, si pale, ile ni kiti ya Mwakilishi! Bon. Amekwisha kukaa, basi. (Gracieuse: “Papa Honoré, nakuomba. Baba iko nashindwa kupumua tangu jana. Angalia midomo yake. Tupe oksijeni, hotuba utaimaliza kisha.”)

Binti yangu, nakuelewa sana. Hapa ku ukurasa wa sita nimeandika, “Kusikia uchungu,” na mimi nimeusikia hata mbele ya kufika ku ukurasa wenyewe. Lakini tufikiri pamoja, kwa akili, kwa strateji. Delta njo inaomba oksijeni. Omikron haiombi. Bunia iko na Omikron, kura kumi na moja kwa ine. Sasa, kama tungeweka oksijeni mu Kituo cha Oksijeni, si tungekuwa tunapinga kura ya Komite yetu siye wenyewe? Njo maana tulitayarisha kituo chenye kulingana na varianti yetu. Na matokeo muko nayaona! Mu mwaka muzima, hakuna mutu hata mumoja aliyekufa mu kituo hiki kwa kukosa oksijeni. Vifo, ziro! Malalamiko, ziro! Nionyesheni jimbo lingine, nionyesheni hata Ulaya! (Hakuna makofi. Mama mumoja wa soko: “Sasa nyuma ya bashe iko nini?”) Nyuma ya bashe iko maendeleo, mama. Papa Ézéchiel, pumua pole pole, kama mutu wa Omikron. Vile. Tena. (Muzee anatikisa kichwa. Kila pumzi inamupandisha mabega. Gracieuse analia kwa sauti: “Mama tulimuzika mu kukimbia. Nimebaki na baba tu. Musimuchezee!” Hata kwaya inaangalia chini.)

Mm. Nilikuwa wapi? Ukurasa wa saba. “Kwa maono yangu mapana...” Munganga Vahwere, kaa chini, nimesema pointi ya kumi na moja! (Vahwere hakai: “Mashini ya kutengeneza oksijeni ninayo, ndogo, ku posti yangu. Imelala kwa sababu umeme hatuna tangu siku tatu. Hii jenereta ya mikro yako ingetosha. Wamotari, munisaidie!”)

Nini? Jenereta gani? Munganga, jenereta ni ya hotuba! Iko mu programu: mikro, spika, na friji ya vinywaji vya wakubwa! Hakuna mutu anaweza kuhamisha kitu cha serikali bila barua ya kuhamisha. Weye mwenye koti nyekundu, acha ile kamba! Wamotari, nawaheshimu sana, muko vijana wa maana, lakini mukiinua ile mashini nitaandika majina, wote makumi ine! Acheni! Iko moto, mutaungua mikono! Shikeni na kitenge, wajinga nyie, na kitenge! (Mikro inakatika. Wamotari wane wanakimbia na jenereta. Muzee amerudishwa ku pikipiki, Gracieuse nyuma yake, Vahwere mbele akifungua njia. Watu wanawafwata.)

Basi nitasema kwa kinywa. Mimi nilikomaa kabla ya mikro kuzaliwa. Ituri oyé! (Mutu mumoja, kwa mbali: “Oyé.”) Varianti nyepesi oyé! (Hakuna.) Kifua wazi, kesho njema! Wapi munaenda wote? Mukasi bado! Ukurasa wa kumi na mbili njo mutamu!

Aksanti. Kwa cheo changu nashukuru kwaya, ambayo naona migongo yake. Nashukuru redio. Namushukuru fundi wa rangi aliyeandika “Kituo” ku bashe, maana bila yeye kituo hakingekuwapo. Na zaidi ya wote namushukuru mama mwenye shamba, aliyetuazima mistari yake ya mihogo kwa siku mbili: mama, leo magaribi tunakunja bashe, na kesho utalima kama vile hapa hapakuwa kitu, kwa sababu hapakuwa. Weye Dany, mupiga picha wangu, angalau weye baki. Nipige niko na mukasi. Usipige upande wa mihogo.

(Kule chini ya barabara jenereta inakohoa, inazimika, inakohoa tena, inashika. Kisha kelele ya watu, na sauti ya Gracieuse juu ya zote: “Anapumua! Papa anapumua!”)

Unasikia, Dany? Imeshika. Muzee wa watu anapumua. Mungu wangu, hii sikuiandika mu hotuba. Bon. Bon! Chukua kalamu, rapori inaondoka leo. Andika: Oksijeni ya Komite imeanza kazi saa sita na dakika makumi mbili, mugonjwa wa kwanza amepokelewa, hali yake ni nzuri. Fasi? Mahali usiandike sana. Andika tu: Bunia.