Ugonjwa wa Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Pikipiki imeanza ukorofi. Nikiachia klachi inasita, inaruka mbele, inasita tena, kama mtu mwenye kwikwi. Trei ya juu ya mayai ninayopelekea wateja imekuwa uji mtupu. Mama wa mgahawa amekagua mayai yaliyosalia mojamoja, kisha akasema yeye huwa anapenda kuyapasua mwenyewe. Mzaha gani huo asubuhi na mapema!

Na lazima igome wiki hii! Pikipiki ni ya Baba Mkwe, alituazima tulipooana. Amepiga simu: anakuja Ijumaa, Jumamosi ataiendesha mwenyewe. Akiikuta imechoka, atampa mwanyumba wangu, yule kinyozi aliyemwoa dada wa mke wangu. Kinyozi! Anataka pikipiki ya nini, kubebea viwembe? Mimi bila pikipiki sina kazi. Mayai hayaendi kwa wateja yenyewe.

Sina wasiwasi hata chembe. Nina sikio. Nimeinama nikasikiliza injini, nikajua papo hapo: plagi. Mke wangu ameuliza kwa nini nisiende kwa fundi. Nimemjibu kwamba fundi naye angesema plagi, sasa ya nini kumsumbua?

Jumanne, 7 Mei

Si plagi. Plagi mpya, kwikwi ileile.

Lakini nimebuni kipimo ambacho fundi yeyote angenionea wivu. Yai bichi! Nimelibandika juu ya tangi kwa utepe wa gundi, nikaondoka. Likivunjika mapema, ugonjwa uko mbele. Likichelewa, uko nyuma. Limevunjika katikati ya safari. Kwa hiyo ugonjwa uko katikati, na katikati ni tangi. Petroli chafu! Nimejipongeza kwa sauti.

Nimeimwaga yote kwenye ndoo ya kufulia. Ndani kulikuwa na sare ya kazi ya mke wangu. Ndoo ina giza, ningeonaje? Ameangalia sare, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Nimeweka petroli mpya. Kwikwi ipo, ila sasa ni kwikwi safi zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Kinyozi amepita "kutusalimia". Namjua. Amekuja kuipima pikipiki kwa macho kama mtu anayenunua mbuzi.

Eti akaniomba niiweke kwenye stendi kubwa. Akachuchumaa na shati lake jeupe, akazungusha gurudumu la nyuma polepole kwa kidole, huku kidole kingine kikibonyeza cheni. Akaniambia hapa cheni imelegea, pale imekaza, yaani imelika bila usawa na meno ya gia ya nyuma yameisha. Eti ndiyo sababu inavuta na kuachia. Dawa ni kubadilisha cheni na gia zake zote mbili. Na kama nitaigusa cheni hii kwa sasa, nisiikaze kabla ya kupata mahali ilipobana zaidi, tena niiachie nafasi, kwa sababu mtu mzito akikaa inabana zaidi.

Nimemshukuru kwa adabu zote za kimwanyumba. Moyoni nimecheka. Anataka niivue pikipiki cheni ili Baba Mkwe aikute imekaa uchi! Ujanja wa kitoto.

Alipoondoka nikapata wazo, na ninaandika hapa ili isije ikasemwa vingine: wazo ni langu mwenyewe. Cheni imelegea. Nikaikaza. Sikuzungusha gurudumu, mimi si mtu wa kucheza na magurudumu. Nilikuta imelegea, nikakaza pale pale hadi ikawa ngumu kama waya wa kuanikia nguo.

Nimeijaribu. Kwikwi imepungua! Badala yake kuna mlio mwembamba, kama pikipiki inajiimbia. Dalili ya afya.

Alhamisi, 9 Mei

Mlio umeongezeka na kiti kinatetemeka. Mayai yamevunjika tena. Wiki hii tumekula mayai asubuhi, mchana na jioni, na mke wangu amesema akiona yai tena atahama.

Nimewaza kwa utulivu. Mtetemeko si kosa mpaka mtu ausikie. Na Baba Mkwe atausikia kwa wapi? Kwa makalio! Kwa hiyo dawa ni sponji. Nimekata kipande kizuri kwenye godoro la chumba cha wageni, katikati, ambako ndiko laini zaidi. Nimekishona chini ya ngozi ya kiti. Nimekaa. Kama kochi!

Ni kweli, Baba Mkwe ndiye atakayelala kwenye godoro hilo. Shimo nimelijaza magazeti, hatajua.

Ijumaa, 10 Mei

Baba Mkwe amefika. Nilikuwa nimesahau alivyo mkubwa. Mlangoni ameingia kwa ubavu.

Amesalimia, ameulizia pikipiki kabla hajauliza hali yangu, akaenda kulala mapema. Tumeyasikia magazeti mpaka sebuleni. Kila akijigeuza, kra, kra, kra. Mke wangu ameniuliza ni nini kile. Nimesema labda baba anasoma.

Jumamosi, 11 Mei

Siku yangu. Nilimbembeleza Baba Mkwe tupakie trei za mayai, ajionee kazi yenyewe. Alishika usukani, mimi nyuma nikikumbatia mayai. Alipokaa, kiti kilishuka, na pikipiki nzima ikashuka nacho. Nilisikia cheni ikiguna. Nikatabasamu.

Mpaka kona tulikwenda kwa mlio tu. Kisha tukapanda tuta. Tukashuka. Pa! Cheni ikakatika, ikajiviringisha barabarani, na sisi tukateleza kimya kimya mpaka mbele ya kibanda cha kinyozi. Mbele ya kinyozi! Mlango wake ulijaa watu wenye mapovu mashavuni. Hakuna aliyeumia. Mayai siyasemi.

Baba Mkwe aliokota cheni, akaishika mwanzo hadi mwisho, kiungo kwa kiungo. Akauliza nani aliikaza. Nilimwangalia kinyozi. Kinyozi aliangalia chini, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenichongea. Mke wangu alikuwa ameshafika mbio, na ndiye aliyejibu. Alieleza yote, tangu plagi hadi sponji. Hakuruka hata ndoo.

Nilitegemea Baba Mkwe angefoka. Alimgeukia kinyozi, akamwambia kazi yake imemkalia vizuri, aendelee nayo. Kisha akamwambia mke wangu, "Mwanangu, pikipiki ni yako. Na huyu mumeo usimpe spana hata akilia."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, ute wa yai ukinitiririka kifuani. Niliona aibu, nakiri. Ilidumu mpaka chakula cha mchana.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu ameweka cheni mpya na gia zote mbili. Kinyozi alimsaidia, bure, tena akiimba. Tumezunguka kwa wateja wote, yeye mbele, mimi nyuma na trei. Hakuna kwikwi, hakuna mlio. Yai halijapata hata ufa. Mama wa mgahawa amempongeza mke wangu, kisha akaniuliza kama mimi ndiye mpagazi mpya.

Wote wanafurahi, na hapo ndipo ninapowaona hawana utaalamu. Pikipiki haikai kimya hivi hivi. Nimekaa juu yake siku nzima nikiisikiliza, na ukimya wenyewe si wa kawaida. Kuna kitu inakificha, na kwa sikio langu kimo ndani kabisa ya injini.

Mke wangu amelala kwa uchovu, spana kazifungia kabatini. Hana habari. Nimepita kwa jirani, nimeazima seti nzima.