Risasi ya Upanga

Jumatatu, 4 Agosti

Upanga umekufa! Binti yangu kautoa kwenye mkoba, kabonyeza kitufe, kimya. Hauwaki, haungurumi. Ni upanga wa plastiki, ndiyo, lakini Jumamosi yeye ndiye kamanda kwenye mchezo wa kuigiza shuleni. Taa za ukumbi zitazimwa, atainua upanga, utawaka buluu na kunguruma, na dhalimu ataanguka. Usipowaka atakuwa mtoto aliyesimama gizani na fimbo. Siku hizi zote amekuwa akijifunza kuinua mkono mbele ya kioo. Nilipoona machozi yanamlengalenga, roho iliniuma.

Mke wangu akasema papo hapo tumwite kaka yake. Kaka yake! Humu ndani shemeji ni dawa ya kila ugonjwa. Pasi ikigoma, kaka. Bomba likivuja, kaka, na mimi nimesimama pale pale na ndoo. Nikatangaza kwamba upanga nitautengeneza mwenyewe. Mke wangu akauliza kama nimesahau habari ya feni. Sijasahau. Feni ilizunguka. Hakuna aliyeniambia izunguke upande gani.

Binti akauliza kama kweli nitaweza. Nikamwambia alale, baba yupo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda na upanga kazini. Nauza magodoro, kazi inayompa mwenye akili nafasi ya kufikiri, hasa akiwa amejilaza. Nikafungua skrubu za mpini juu ya godoro la maonyesho. Kosa! Springi ya kitufe ikaruka ikapotea. Nikawa napapasa godoro zima. Mteja mmoja akadhani napima ubora, akapapasa na yeye, akalinunua. Bosi akanisifu mbele ya wote. Nadhani mteja kaondoka na springi yangu. Nimeweka ya kalamu.

Lakini ugonjwa nimeuona! Waya mwekundu umebanduka kwenye kibao cha saketi, pale uliposhikizwa kwa tone la risasi, ile ya mafundi ya kuyeyusha. Tone moja tu! Shemeji angevaa miwani na kukohoa saa nzima kwa tone hilo. Fundi redio wa ng'ambo ya barabara kaniazima chuma cha kuchomea. Risasi imemwishia, kasema nimpigie muuza vipuri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia muuza vipuri nikiwa uani. Mtandao mbovu, ikabidi nipaze sauti. Nikamwambia nataka risasi, kidogo tu. Upanga ninao, lakini bila risasi siwezi kumaliza. Na iwe leo leo, maana Jumamosi shemeji anakuja na nataka akute nimeshammalizia kazi yake. Akanielewa vizuri sana, akasema nipitie jioni.

Jirani yetu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Nikamsalimia. Hakuitikia! Kaacha shuka linaning'inia kwenye kamba, kaingia ndani, kafunga mlango kwa komeo. Watu wengine hawana adabu kabisa.

Jioni nikachoma waya. Nikaungua kidole, nikachoma tena. Ukawaka! Buluu safi, sebule nzima ikawa kama chini ya bahari. Binti akaruka akanikumbatia. Mke wangu akasema hongera, Baba Kamanda. Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hongera katika nyumba hii.

Alhamisi, 7 Agosti

Upanga unawaka lakini haungurumi. Mke wangu kasema niuache hivyo hivyo, watoto watanguruma kwa midomo. Eti kwa midomo! Nani atamwogopa kamanda anayengurumiwa na watu wengine? Nikaugusa ule waya wa spika kidogo tu, kwa ncha ya chuma.

Moshi. Kibao kimekaangika. Sauti hakuna, na sasa taa nazo hazina uhai.

Nimekaa bafuni muda mrefu. Nilipotoka nikamwambia mke wangu, kwa hiari yangu kabisa, kwamba huenda si vibaya shemeji akaja kujifunza kidogo. Akampigia. Shemeji kakataa! Yeye asiyekataa hata kunyonyoa kuku wa watu! Kasema haingii humu ndani mpaka mambo yatulie, na kamuuliza dada yake kama yuko salama. Mke wangu kashangaa. Mimi sikushangaa. Wivu. Kashasikia kwamba niliuwasha.

Binti kaomba aone upanga. Nimemwambia umelala, usisumbuliwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Akili ni mali! Mlangoni pa duka letu kuna kidude kinachomhisi mtu akipita. Kinawaka taa na kusema kwa sauti ya bosi mwenyewe. Kinapokezana maneno mawili kwa zamu. Mteja akiingia: "Karibu mteja, godoro laini!" Akitoka: "Asante mteja, lala pema!" Nilishamwambia bosi kwamba hayo ya mwisho tunawaambia marehemu. Mzee mmoja alitoka, akasikia, akarudi akauliza tuna habari gani ambayo yeye hana. Bosi kasema sijui biashara.

Basi kidude kina taa, kina spika, kina kitufe cha kurekodi. Yaani ni upanga, umekosa mpini tu. Nikakibandua mchana bosi alipoenda benki. Si wizi, ni kuazima kwa kimya.

Nimekiunga na taa za upanga kwa waya na risasi iliyobaki. Nikafuta "karibu mteja", nikarekodi ngurumo yangu mwenyewe chini ya blanketi. Nikauzungusha mara moja hewani. Ukawaka, ukanguruma! Paka karuka dirisha. Sikuujaribu mara ya pili, natunza betri. Binti kalala na upanga kando ya mto.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukumbi ulijaa. Tulikaa mbele. Shemeji alikuwepo, mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, Redio kamkalia ubavuni kama mlinzi. Nilipoingiza mkono kwenye koti kutoa kitambaa nijipanguse jasho, shemeji akapotea chini ya kiti. Mwanamume mzima!

Taa zikazimwa. Dhalimu, mtoto mnene mwenye taji la karatasi, akacheka kicheko kibaya. Binti yangu akainua upanga. Ukawaka! Uso wake wote buluu, macho makali. Watu wakasema "aaah!" Na sauti nzito ya bosi wangu ikatamka kwa heshima zote:

"Asante mteja, lala pema!"

Dhalimu kasimama mdomo wazi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwona binti yangu anautazama upanga, kidevu kinamtetemeka, nikajua nimemmaliza mtoto wangu mbele ya shule nzima.

Kisha akanyoosha upanga kwenye kifua cha dhalimu, akasema kwa utulivu, "Umesikia. Lala."

Dhalimu akajilaza chini polepole, akajifunika na joho lake. Hapo upanga ukanguruma. Watu walisimama! Walipiga makofi mpaka mapazia yakatikisika. Mwalimu alilia kwa kicheko. Bosi naye nilimwona, kumbe mwanawe ndiye dhalimu. Alikuwa amesimama, anaigeuza shingo kuitafuta sauti yake.

Nje, mke wangu kamkamata kaka yake amweleze anamkimbia nani. Redio ndiye aliyejibu: risasi, upanga, kummaliza shemeji, yote kayasikia kwa masikio yake. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji kanipa mkono, lakini wa mbali.

Binti kanirudishia upanga. Kanibusu shavuni, kasema, "Asante baba. Lakini siku nyingine, mpe mjomba."

Jumapili, 10 Agosti

Nimeyatafakari maneno ya binti yangu asubuhi yote. Mpe mjomba. Mpe nini? Hakusema. Mtoto ana hekima kuliko umri wake.

Bosi naye katuma ujumbe: kesho nifike kabla ya kufungua duka, niende na kidude chake na maelezo. Bila shaka anataka niwaeleze wenzangu ubunifu huo. Nitavaa tai.

Kuhusu mjomba, jibu nimelipata nikiwa nakunywa chai. Mpe mafunzo! Ndiyo hayo! Yule bwana ana mikono mizuri ila hana ujasiri, na binti yangu kaliona hilo. Nimekwenda kwake moja kwa moja na bisibisi yangu. Hakuwepo, wamekwenda matembezi na mke wake. Dada wa kazi kanifungulia, kanijua ni shemeji wa nyumba, kaniacha sebuleni.

Televisheni yao ni mpya, kubwa, na haina tatizo lolote, kwa hiyo inafaa sana kwa somo la kwanza. Nimeshaifungua. Wakirudi watakuta nimeshamaliza.