Kuhusu Kuachwa kwa Kiwanja cha Ruziba katika Orodha ya Viwanja Kumi Mashuhuri

Ruziba, Bujumbura
Jumatatu baada ya Dominika ya Utatu Mtakatifu

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa na afya ya kutosha na moyo mzito. Mimi ni katekista wa kigango kidogo hapa Ruziba, kando ya ziwa, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na nane katika utumishi huo.

Makala yenu kuhusu viwanja kumi ambavyo mpenzi wa mpira hana budi kuvizuru kabla ya kufa ilinifikia ikiwa imefungiwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, nilizonunua kwa Mama Consolate. Niliianika juani, nikaisoma mara tatu. Nilikuta Wembley, nikakuta Maracanã, nikakuta na vingine vinane. Ruziba sikuiona. Kwa kuwa sipendi kumhukumu mtu kabla ya kuchunguza, nilirudi kwa Mama Consolate kuuliza ni nani aliyefungiwa ukurasa uliofuata. Alikuwa jirani yangu Irène. Ukurasa wake ulikuwa tangazo la magodoro.

Ningenyamaza kama jambo hili lingenigusa mimi peke yangu. Lakini Jumapili ijayo halmashauri ya kigango itaamua kama kwenye kiwanja chetu ujengwe ukumbi wa harusi. Padri Révérien, kijana mwema na mwenye haraka, aliniuliza mbele ya watu wote: "Mzee Népomuscène, ni nani aliyewahi kutoka mbali kuja kukitazama kiwanja hicho?" Akasema akipatikana hata mgeni mmoja, atakiacha. Basi naomba uniletee huyo mgeni, na ili umlete bila wasiwasi, nayaweka mbele yako malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Mmeusifu uwanja mmoja kwa saa yake kubwa kama nyumba. Sisi saa yetu ilikufa zamani, na tangu hapo muda wa mechi naupima kwa rozari: kila kipindi ni rozari mbili kamili, pamoja na litania kukiwa na majeruhi. Sijasikia kwamba huko Ulaya dakika tisini za mpira zimemfaidia mtu yeyote toharani. Ni kweli kwamba wageni wetu wa Gatumba, timu yao ikiwa nyuma, hunipigia kelele: "Papa Katekista, mbona leo zile Salamu Maria zinakimbia? Kuko mutu anazifukuza?" Huo ni uchokozi. Nasali kwa mwendo uleule, ila Ruziba ikiongoza nakuwa na ibada zaidi.

2. Mmeandika kurasa nzima juu ya mashine za kukata nyasi. Nyasi zetu zinakatwa na kiboko. Hutoka ziwani jua linapokaribia kuzama, hula kwa mpangilio kutoka kona hadi kona, na hajawahi kugoma. Kwa sababu yake hatuna zile dakika thelathini za nyongeza, wala mchezaji wetu hajawahi kujilaza chini kwa hila mechi inapokaribia mwisho. Mwambie mwandishi wako anitajie mwamuzi mmoja mwenye heshima kama hiyo.

3. Hapa naomba usome polepole. Viwanja vyote kumi mlivyovitaja vina magoli mawili. Chetu kina moja. Ziwa lilipopanda miaka ile ya mafuriko, lilichukua goli la kusini, na mpaka leo milingoti yake imesimama majini, ndege wanaikalia. Hatukuacha kucheza. Tuliamua kwamba kipindi cha kwanza wageni washambulie goli lililobaki nasi tulilinde, na kipindi cha pili tubadilishane. Yule kipa ambaye si zamu yake huketi pembeni yangu na kuniitikia rozari. Hivyo magolikipa wote wa ukanda huu wa ziwa sasa wanazijua litania kwa moyo, jambo ambalo mafundisho yangu ya Jumamosi hayakuweza kulifanikisha kwa miaka thelathini.

4. Mwezi uliopita tulicheza na wachuuzi wa Gatumba, na safari hiyo tulitangulia sisi kushambulia. Mshambuliaji wetu Vainqueur, muuza samaki, alipiga mashuti kipindi kizima bila kufunga. Baada ya mapumziko zamu yetu ikawa ya kulinda. Vainqueur akapata mpira, akawapita watu watatu ambao hawakuwa wakimzuia kwa nguvu yoyote, akafunga bao zuri kuliko yote niliyoyaona maishani mwangu, katika goli lilelile, ambalo sasa lilikuwa letu. Akavua jezi na kukimbia hadi majini. Watu wakapiga kelele: "We Vainqueur, zamu yetu ilisha! Ulikuwa umelala ku mapumziko?" Alisimama mle majini kwa muda mrefu, jezi mkononi, akiwa amewapa mgongo.

Ndipo Namegabe, nahodha wa Gatumba, mtu anayevuka mpaka kila siku na mizigo kichwani na ambaye hakuna anayemkumbuka akimwachia mtu kitu, alikuja kwangu akasema: "Papa, ile bao hatukuitafuta. Mubaki nayo." Nikamwambia bao haliwezi kurudishwa kama sahani. Akasema: "Basi mi nitaenda kumutoa huyu mutoto mu maji, na we hesabu unavyotaka." Akaingia, akamshika Vainqueur mkono, akamrudisha uwanjani. Nikahesabu sifuri kwa sifuri. Nakuuliza kwa upole, Ndugu Mhariri: katika viwanja vyenu kumi, ni kipi ambacho bao limewahi kukataliwa na aliyelipata?

5. Kutokana na hayo naona kwamba kosa si la orodha yenu pekee, bali ni la magoli mawili. Mtu anayecheza kwenye magoli mawili huzoea kufikiri kwamba ubaya wote uko upande ule. Kwetu, goli unalolishambulia ndilo utakalolilinda baada ya mapumziko, kwa hiyo hata matusi tunayapima, maana yatakuwa yetu muda si mrefu. Ninaomba basi Ruziba iwekwe nafasi ya kwanza. Wembley, yenye nafasi ya watu elfu tisini na bado ikashindwa kutufundisha jambo hili, ishuke nafasi moja. Na wenye viwanja vyote tisa vitakavyobaki washauriwe kwa unyenyekevu kung'oa goli moja, kwa msimu mmoja tu wa majaribio. Kiboko siwalazimishi.

Nakuomba ujibu kabla ya Jumapili. Wasalimie wote walio ofisini mwako, mpiga picha, wachapaji, na hasa aliyeandika makala, ambaye miguu yake bila shaka imechoka kwa kuzunguka dunia akikosea njia. Mungu awatunze na awape macho.

Wako katika Kristo,
Katekista Népomuscène

Nyongeza: Nilichelewa kupata bahasha, na barua hii ikalala sakristia wiki nzima. Padri Révérien ameisoma. Jumapili alikuja kiwanjani kwa mara ya kwanza, akasimama vipindi vyote viwili akiwa na kanzu yake, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Jioni aliifuta hoja ya ukumbi wa harusi. Kisha akawasomea halmashauri barua yangu, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti iliyobaki, na wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mahali patakatifu namna hii panastahili ukuta, geti, viti vya plastiki mia tano, kifusi cha kulirudisha ziwa nyuma, na goli la pili la chuma. Nilipiga makofi pamoja nao kabla sijaelewa. Kwa hiyo naomba uyachukulie yote matano niliyoyaandika kuwa maneno ya mzee anayependa kutia chumvi, na mwandike katika toleo lijalo, kwa herufi kubwa, kwamba Ruziba hakuna chochote cha kutazama. Fanyeni haraka tafadhali. Fundi anakuja kupima Jumatano.