Kompyuta ya Beni Isiyozoea Baridi ya Butembo

Mususa, Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi

Kwa Mheshimiwa Ananie,
Chef wa Avenue yetu

Mheshimiwa Chef,

Nakusalimu wewe, mama wa nyumbani, na ule mguu wako uliovimba, ambao nasikia umeanza kukanyaga chini. Mimi ni Lusenge Zacharie wa nyumba ya mlango wa kijani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa katibu wa parokia, na mkono huu umeandika barua nyingi za watu wengine: za kuomba msamaha, za kuomba mke, na mwaka mmoja ya kumwomba askofu mvua zipunguzwe. Leo naandika yangu mwenyewe. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe ni hili. Kompyuta iliyo sebuleni kwangu inajizima na kujiwasha yenyewe kila tunapocheza mpira ndani yake. Ukiandika barua, inatulia. Ukitazama picha za harusi, inatulia. Ukianzisha mpira, inakwenda dakika thelathini, arobaini, kisha kioo kinakuwa cheusi, inapiga mlio mmoja na kuanza upya kama vile haijawahi kutuona. Najua utajiuliza mzee wa miaka sitini na saba anatafuta nini katika mchezo wa watoto. Subiri nikueleze, maana sisi hatuchezi.

Binti yangu Séphora ameolewa na Edmond, kijana wa Beni anayefanya kazi hapa mjini, na mtoto wao wa kwanza amezaliwa kwangu, kwa sababu Séphora alikuja kujifungulia kwa mama yake. Ni mvulana. Jina la kikwetu halina ugomvi: yeye ni wa kwanza, ni Nzanzu, na hata angezaliwa mwezini angekuwa Nzanzu. Ugomvi uko kwenye jina la Kikristo. Baba yake Edmond, Mathe Éliakim, Mprotestanti wa ukoo wa wahubiri, anataka mtoto aitwe Éliakim kama yeye. Mimi nataka aitwe Luc. Tulifanya vikao vitatu vya familia, tukamaliza kuku watatu, hatukupatana. Katika kikao cha tatu Edmond alichoka, akasema: "Ba papa, mucheze basi mupira mu ordinateur, mwenye atashinda ye ndo atapatia mutoto jina." Alikuwa anatania. Lakini neno likisemwa kikaoni linaandikwa, na mwandishi wa ripoti nilikuwa mimi. Wazee wote walitia sahihi, hata yule aliyekuwa amesinzia.

Luc ni mdogo wangu. Miaka minne iliyopita aliniachia baiskeli yake nimtengenezee mnyororo, akaenda shambani kwake upande wa Mbau, ambako kuna vita. Mnyororo nimeutengeneza. Mwenyewe hajarudi. Baiskeli iko sebuleni, naifuta vumbi kila Ijumaa. Sikumwambia Éliakim habari hizo, kwa sababu sitaki kupewa jina kwa huruma. Nataka kulipata kwa kushinda uwanjani, mbele ya mashahidi.

Sasa, kama unavyojua kuliko mimi, mtoto anatakiwa kuandikishwa kabla ya siku tisini. Leo ana siku themanini na moja. Kwenye karatasi yake ya chanjo, mahali pa jina kuna alama ya kalamu tu, na majirani wanamwita "Uyu". Ameanza kugeuka akisikia "Uyu". Ndiyo maana nimekuja kwako na malalamiko yafuatayo.

1. Mashine inapendelea upande mmoja. Kila Jumamosi Éliakim anapanda moto, yaani pikipiki, kutoka Beni, anafika na vumbi hadi kwenye kope, anatundika kofia yake ya moto kwenye usukani wa baiskeli, anakunywa chai, tunacheza. Mechi sita tumeanza, hakuna hata moja iliyofika mwisho. Jumamosi ya kwanza ilijizima dakika ya thelathini na nane, nikiwa nimefungwa mawili tu, na mpira ukiwa miguuni mwangu. Ya pili nilikuwa nimefungwa matatu, lakini kona ilikuwa yangu. Ya tatu nilikuwa nimefungwa manne, ila kwa roho nilikuwa naongoza. Chunguza mwenyewe, Mheshimiwa: inajizima kila mara mimi ninapokaribia kufunga. Haijajizima hata siku moja Éliakim akikaribia kufunga. Yeye hufunga tu.

Nilipendekeza mechi zile zihesabiwe, ushindi apewe yule aliyekuwa na matumaini zaidi. Éliakim alikataa. Alisema: "Apana, mukwe. Mechi yenye haijaisha haiko mechi. Ni sawa mukutano yenye batu banatawanyika mbele ya maombi ya mwisho." Mtu anayeongoza kwa mabao manne akikataa kuyahesabu, ujue ana mpango.

2. Mashine ni ya Beni, na haina shukrani. Edmond aliinunua huko kwao, kwenye joto, akaileta huku kwetu milimani ambako hata jua linatoka limevaa sweta. Mgeni yeyote wa Beni akifika Butembo tunampa koti. Mimi sikuinyima. Ilipojizima mara ya kwanza, mke wangu Berthe aliliviringishia lile sanduku lake kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, chenye maua mekundu na neno KARIBU, na mimi nikafunga nailoni juu yake kwa sababu ya vumbi la avenue. Ilipojizima mara ya pili nilisikia ndani yake inavuma na kuhema, nikajua ni baridi, nikaongeza blanketi la mtoto. Mara ya tatu nikaongeza koti langu la misa. Jumamosi iliyopita ilikuwa na mablanketi mawili, koti, na kofia ya sufu kichwani. Ikajizima dakika ya kumi na tisa. Nikaingiza mkono nikaigusa ubavuni: inachemka. Edmond akasema labda tuifunue kidogo ipate hewa. Nilimnyamazisha. Yeye ni mkwe, tena bado kijana. Mgonjwa wa homa anafunikwa, hafunuliwi, na wenye nyumba ndio wanajua baridi ya kwao. Asante ya punda ni mateke, na punda huyu nimemvalisha nguo zangu mwenyewe.

3. Onésime, mchomeleaji wa vyuma, ambaye atelier yake, karakana ile, inatazamana na dirisha langu. Cheche zake zinapanda mpaka kwenye waya wa umeme, na waya ni uleule unaoingia kwangu. Nilikwenda kwake na daftari kulinganisha saa zake za kazi na saa za mashine kujizima. Katika Jumamosi sita, mbili zililingana. Moja Onésime alikuwa amekwenda matanga huko Kanyabayonga, atelier imefungwa kwa kufuli, na mashine ikajizima vilevile. Hii inaonyesha kwamba cheche zake zina nguvu kuliko tulivyodhani, na kwamba zinaweza kumngoja mtu siku nzima. Alipoona daftari alisema, "Papa Zacharie, minachomea milango ya batu, hapana magoli yako." Sikupenda sauti yake.

4. Mashine ya kusaga mihogo iliyo huko chini barabarani. Ikianza, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Kama kikombe, ambacho hakina akili, kinatetemeka, je, kompyuta yenye akili nyingi itavumilia vipi? Nimemwomba mwenye mashine asisage Jumamosi kati ya saa nane na saa kumi. Aliniuliza kama mtaa mzima wa Mususa utakula majani siku hiyo ili mimi nicheze mpira. Nilimjibu kwamba wengine tumefunga Kwaresima nzima na hatukufa.

5. Maombi ya mzazi mwenzangu. Mimi kabla ya mechi hufanya ishara ya msalaba, sekunde tatu, imekwisha. Éliakim anafumba macho na kuomba dakika kumi na moja kwa saa yangu, huku mkono wake mmoja uko juu ya mashine, juu ya blanketi. Anaombea barabara, anaombea wachezaji wa timu zote mbili, ambao si watu. Nina hofu kubwa kwamba kwa kuombewa Jumamosi sita mfululizo mashine imekwisha kuokoka. Mashine iliyookoka lazima itakataa michezo ya dunia. Na ikiwa imeokoka, imeokokea upande wake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Chef, nikiwa mtu mnyenyekevu, naomba machache. Utoe amri Jumamosi hii Onésime asichomelee, mihogo isisagwe, pasi zisiwashwe, na wenye kuku wa upande wangu wawashikilie. Wewe mwenyewe uje na kofia yako ya kazi na karatasi zenye muhuri, ukae karibu na sanduku la mashine kuanzia filimbi ya kwanza. Huenda kitu kisichoheshimu wenyeji kitaheshimu serikali. Kabla ya hapo naomba uiandikie convocation rasmi, hati ya kuiita mbele yako. Nitaisomea kwa sauti mbele ya mashahidi, na kidole cha kutia alama tutapata, hata kama ni cha Edmond. Ikijizima tena baada ya kuitwa na serikali, itakuwa imeasi, na hapo nitaomba amri ya kuirudisha Beni kwa barabara ileile iliyoileta, pamoja na mtu yeyote atakayetaka kuisindikiza. Matokeo yaandikwe kwamba uwanja ulikuwa wangu na mgeni aliukimbia. Jina litakuwa Luc.

Sipiganii jina kwa kiburi. Siku ya kuandikisha ikipita, mtoto atabaki "Uyu", na mdogo wangu atabaki baiskeli tu. Hayo mawili nikiyaweka pamoja, silali.

Wasalimie wote wa kwako, wakubwa kwa wadogo, usimsahau mama mkwe wako aliyenipa mbegu za maharage, zimeota. Wasalimie pia wazee wa avenue, isipokuwa Onésime, ambaye nitamsalimia mwenyewe akizima mashine yake.

Ni mimi, mwananchi wako mwenye subira iliyobaki kidogo,

Lusenge Zacharie
Katibu wa parokia mstaafu

N.B. Barua hii ilikawia kwa kuwa ulikwenda kutibiwa mguu. Sasa ni Jumapili na mambo mengine yametokea. Naituma hivyohivyo, maana karatasi nzuri nimekwisha kuitumia.

Jana asubuhi Berthe alikusanya nguo za kufua, akaivua mashine nguo zake zote: mablanketi, koti, kofia, nailoni, mpaka kitambaa cha KARIBU. Niligombana naye bure, vilikuwa tayari kwenye maji. Éliakim akafika, tukacheza mashine ikiwa uchi kabisa, na baridi ilikuwa ya kuuma. Onésime alikuwa anachomelea geti la shule tangu asubuhi. Mihogo ilisagwa. Kuku walikuwa wanapita ndani. Éliakim aliomba dakika kumi na nne. Mashine haikujizima. Ilicheza dakika tisini zote bila hata kukohoa, na mimi nikafungwa tisa bila.

Nikatoka nje kusimama kidogo. Nilipokuwa nje, Éliakim alichukua kofia yake kwenye usukani, akamwuliza Berthe baiskeli hii ni ya nani, kwa nini kila Jumamosi anaikuta inang'aa na hakuna anayeipanda. Berthe akamwambia. Mimi sikumtuma.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, na kalamu yangu, ameinamia karatasi ya chanjo. Alikuwa amekwisha kuandika: Nzanzu Luc. Nikamwambia hapana, ameshinda yeye, jina ni Éliakim, ripoti iko wazi. Akasema: "Ripoti inasema mwenye alishinda ndo anapatia mutoto jina. Haisemi jina gani. Nilishinda, mukwe, na nilipatia." Kisha akavaa kofia na kufunga mkanda chini ya kidevu taratibu sana, ili nipate muda wa kufuta macho. Nililia, Mheshimiwa, sikufichi.

Kwa hiyo malalamiko namba 1 hadi 5 nayafuta, na Onésime msalimie. Lakini nimepewa kwa huruma jina nililokuwa nimekataa kupewa kwa huruma, na hilo ningependa kulilalamikia. Tangu jana nimeisoma ripoti ya kikao mara tatu nikitafuta kifungu alichokivunja. Sikioni. Niliiandika vizuri mno.