Toka mu Foto, Léonie

Siku ya pili, tarehe 23 mwezi wa saba 2024

Niko na miaka makumi saba na tisa. Naandika ile mbele, juu bantu ba sasa banasahau haraka. Élisabethville, jina ya zamani ya hii muji, ilikufa, miye niko. Zaïre ilikufa, miye niko. Mashini za treni za makala zilikufa, bakubwa ba gare, kule treni zinasimamaka, balikufa, sijue ngapi. Meno zilitangulia, zilibaki mbili, na hizi mbili zinafanya kazi. Mwaka jana nilizika na bibi yangu wa ndoa, Léonie. Ile sikuipanga. Tulikuwa tumepatana miye ndiye nitaanza.

Leo familia ilikuja kwetu hapa Kamalondo, kupanga siku ya kuondoa kilio. Itakuwa siku ya posho, ile ya sita, tarehe tatu mwezi wa nane. Shemeji Élie, kaka mukubwa wa Léonie, katekista, alisema inafaa triko makumi ine za kuvaa, zenye sura ya marehemu, na foto moja kubwa ya kuweka mbele ya bantu, katikati ya maua. Halafu aliuliza nani iko na foto ya muzuri.

Nilicheka kabisa. Anauliza miye! Miye Mumba, muntu wa kwanza mu hii muji kupiga foto ya treni za mizigo! Niko pembeni ya reli tangu Cathy, mutoto wangu wa mwisho, hajazaliwa. Sanduku yangu ya chuma imejaa foto mupaka haifungike. Nilibaambia: foto ni kazi yangu, mulale bila mawazo.

Élie aliangalia sanduku. Alisema ataniombea. Sijue juu ya nini.

Siku ya ine, tarehe 25

Nilifungua sanduku. Wago. Behewa nyuma ya behewa: wago za shaba, wago za asidi, wago za mahindi, wago tupu. Mashini ya kuvuta, ya bleu sawa mbingu, mbele, mashini ya bleu nyuma, mashini mbili zinasukumana. Kazi ya nguvu! Lakini muntu hakuna. Hata kichwa moja. Ndiyo sheria yangu: treni ya mizigo haipigwe na bantu. Muntu akiingia, inakuwa foto ya ndoa.

Na Léonie alipendaka kuingia. Kila mara tulisikia treni itapita, aliniletea bukari, ugali yetu, kule ku kona ya reli, chungu ku kichwa, kitambaa juu yake. Anasimama pale pale jua inaanguka muzuri. Napiga kelele: Léonie, toka mu foto! Anatoka. Alikuwa mwanamuke wa kusikia. Ni vile sanduku yangu iko safi.

Foto ya ndoa yetu: muchwa. Zilikula yeye, ziliniacha miye. Karte yake ya kupiga kura: alikuwa anaifunga mu kikwembe, nguo yake ya kiuno, jasho ilifuta sura, yalibaki masikio. Telefoni ya Cathy: bezi baliiba, na mama yake ndani.

Cathy alisema Papa, Casimir iko na foto ya mama. Tuende tuombe tu.

Casimir! Huyu Casimir anakujaka na yeye ku kona, na telefoni, na kofia kubwa. Anasema anapiga treni. Uongo. Treni inapita, yeye anapiga bamama ba mandazi banaangalia treni. Anapiga mbuzi. Kila mahali wago inapashwa kuwa, kwake kuko kichwa ya muntu. Na bantu banapenda ile ku internet! Mia tatu, mia ine! Yangu balipenda batano, na moja alikuwa Cathy. Sasa miye niende kwa Casimir kuomba sura ya bibi yangu? Nilimuambia Cathy, bora nimuchore mwenyewe na makala ku ukuta.

Siku ya posho, tarehe 27

Akili haizeeke! Dorine, mudogo wa Léonie, iko na pua ile ile. Macho karibu ile ile. Nilimuita, nilimuvalisha kikwembe ya Léonie, ile ya maua ya njano, nilimukalisha mbele ya ukuta. Alifurahi. Alisema shemeji, miaka yote haujapiga hata kivuli yangu, leo kumepita nini? Nilisema ni ya ukumbusho. Ile haikuwa uongo.

Mambo ilienda muzuri mupaka nilimuambia afunge kinywa, juu Léonie hakuonyeshaka meno.

Dorine aliangalia kikwembe. Aliangalia miye. Alifahamu yote mara moja, aliruka sawa muntu amekalia siafu. Alipiga kelele, kumbe nataka kumuzika muzima! Sura yake iende ku triko ya kilio, bantu bamulilie, naye iko anakula bukari? Alitema mate chini, kufukuza ile kifo nilikuwa nimeita. Alisema kichwa yangu imejaa moshi ya treni tangu zamani, na Léonie alikuwa mutakatifu. Jirani bote balitoka kuangalia. Kiti ilivunjika muguu. Foto moja ilitoka, lakini inaonyesha mukono, na kiatu kimoja mu hewa.

Siku ya kwanza, tarehe 29

Nilimupata!

Chini kabisa ya sanduku. Mashini ya bleu, wago za shaba zinatoka upande wa Kambove, moshi imenyooka, jua ya asubui. Ni foto bora, nasema bila kujisifu. Na pale pembeni, ku kushoto, mu majani: Léonie. Chungu ku kichwa. Nakumbuka ile siku. Nilimupigia kelele atoke, goti ilikuwa inamuuma, hakufika mbali. Treni ilimukuta. Nilinuna wiki muzima, juu aliniharibia foto.

Nilivaa lineti za macho, zile za kusomea, nikashika na zingine juu yake. Sura yake ni kama punje ya muchele. Lakini ni yeye. Nilikaa vile, na lineti mbili, mupaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliungua ku moto.

Nilipeleka foto kwa Aimé, ule anachapaka triko karibu na soko. Aimé alisema Muzee, ku triko foto inakaa pande ine sawasawa, na hii iko ndefu, lazima tukate. Nilisema akate, lakini mashini asiiguse! Ile mashini haipite tena, ilikufa, inaota majani. Alisema basi tutakata pembeni. Nilisema kata pembeni, pembeni ni majani tu. Aliuliza tuandike nini. MAMA LÉONIE, HATUTAKUSAHAU. Aliangalia foto, aliangalia maandiko, alifungua kinywa. Nilimukatia. Nilisema chapa, nilianza foto wewe haujazaliwa.

Siku ya ine, tarehe 1 mwezi wa nane

Siku ya kukumbuka bazazi balikufa. Muji muzima ilikuwa ku makaburi, na majembe, na ndoo, na fagio. Baridi bado, vumbi mu macho. Tulifika na Cathy, tukakuta kaburi ya Léonie imelimwa. Musalaba umeoshwa. Nani? Casimir, ule pale, anafagia ku kaburi ya mama yake. Alitoa kofia. Alisema Muzee Mumba, nilikuwa napita, niliona kazi kidogo.

Kazi kidogo! Bibi ni yangu, majani ni yangu! Nilisema asante, lakini na sauti ya kuonyesha haina asante. Alisema kama tunatafuta foto, yeye iko na... Nilimukatia. Foto iko. Atakuja ataona, atashangaa.

Cathy alianza kuomba. Nilifunga macho. Nilikuwa na kitu ya kumuambia Léonie, niliitengeneza tangu asubui, ilikuwa imefika ku kinywa.

Honi!

Mbali, upande wa reli. Ndefu, nzito, ya mizigo. Siku nyingi hakukupita hata wago. Miguu ilienda yenyewe. Nilifika, nimekata pumzi, treni imepita. Nilipiga wago ya mwisho, na vumbi.

Nilirudi, bantu bote bameenda. Cathy alikuwa amekaa peke yake ku ukingo wa kaburi, fagio ku magoti. Na ile neno nilitaka kumuambia Léonie, nilikuwa nimeisahau.

Siku ya posho, tarehe 3

Naandika na koti ku mabega. Ni baridi.

Hema ilijaa. Kwaya ilisimama. Aimé alileta kifurushi bantu bote bamekaa. Élie alifungua, alitoa triko moja, aliishika juu kila muntu aone.

Mashini. Rangi kali, hata namba inasomeka. Chini yake: MAMA LÉONIE, HATUTAKUSAHAU.

Na Léonie? Pembeni. Ile pembeni Aimé alikata.

Muntu mu kwaya alianza kukohoa kile kikohozi ya kicheko. Élie aliniuliza mbele ya bantu bote kama ni huyu nilioa. Alisema kama ni huyu, familia yao haikupokea mahari yake, niende nidai ku gare. Dorine alipiga kelele toka nyuma: Mungu asante nilikimbia, ingekuwa leo niko wago! Kwaya muzima ilianguka na kicheko.

Nilieleza. Nilisema Léonie iko hapa, hapa kabisa, kidole moja tu kupita ukingo. Nilionyesha na mukono. Nilikuwa naonyesha hewa. Pale kicheko ilikwisha. Hata Dorine aliangalia chini. Élie alisema, na sauti ya pole pole, inafaa miye nilete mbuzi ya kuomba musamaha. Nilikubali. Bantu balivaa triko. Baridi ilikuwa kali.

Casimir alisimama. Alikuwa na kitu mu kitambaa cheupe. Hakuuliza muntu. Alienda mbele, akaiweka ku meza, mu maua, akatoa kitambaa.

Léonie. Kubwa, mu kadre ya mbao. Iko ku kona ya reli, chungu ku kichwa, mukono moja juu unaishika. Anacheka. Meno zote inje. Mbele yake kuko muzee amejikunja nyuma ya aparei ya foto, mugongo tu, triko imetoboka ku bega. Ni miye. Anacheka anaangalia mugongo yangu.

Cathy alianza kulia. Halafu Dorine, halafu hema muzima. Ni vile kilio ya Léonie iliondoka, bantu makumi ine banalia na mashini ku kifua.

Nilitafuta Casimir, nimuambie kitu. Alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha masahani na bamama. Nilirudi.

Siku ya Mungu, tarehe 4

Asubui yote niliangalia foto ya Casimir. Tuseme ukweli wa kazi: imekaa kombo. Reli imeinama. Wago moja imekatwa katikati. Jua iko mbaya.

Meno zote inje! Nilikula ku mukono wa ule mwanamuke maisha yote, na nilikuwa naambia bantu Léonie haonyeshake meno. Nilimuuliza Cathy mama yake alikuwa anacheka nini pale. Cathy alisema: wewe, Papa. Alisema mama alikuwa anarudi ku nyumba anabaonyesha vile nafunga jicho moja, vile natukana wingu, vile natembea kinyumenyume mupaka nakaa mu miiba. Balikuwa banacheka mupaka kulala chini. Halafu akisikia kinga yangu, ile baisikeli, inafika ku mulango, ananyamaza, anapakua.

Sikujua. Mu hii nyumba kulikuwa kicheko, na miye sikujua.

Nilipigilia foto ku ukuta, pembeni ya ile yangu ya mashini ya bleu. Halafu nilisogeza mashini kidogo. Ilikuwa inamufinya.

Siku ya posho, tarehe 10

Treni! Kiki, ule anauzaka mandazi ku kona, alisikia toka jana: mashini mbili, shaba tupu, toka upande wa Kambove. Nilifika mbele ya jua. Casimir alikuwa pale, na kofia. Nilimusalimia wa kwanza. Ile haikufanyikaka. Alifurahi, akapiga foto ya mbuzi.

Honi ilianza. Na nani anatoka mu majani? Cathy. Chungu ku kichwa, kitambaa ya mama yake juu. Alisema alifikiri njaa itanikamata. Alisimama pale pale jua inaanguka muzuri. Aliinua mukono moja, kushika chungu.

Nilimuona mu aparei. Kidole ilikataa. Sijue ilikuwa nini, labda baridi. Nyuma yake mashini zilikuwa zinakuja, bleu, mbili, moshi imenyooka, sijaona kitu kama ile tangu miaka.

Nikapiga kelele: Cathy! Toka mu foto!

Alitoka. Ni mutoto wa kusikia.

Foto iko bora. Inapita zote, nasema bila kujisifu. Safi, hakuna hata kichwa moja. Kama alicheka pale nyuma yangu, sijue, nilikuwa naangalia treni. Kama haunisadiki, uliza Kiki, alisikia honi. Uliza Casimir, hata kama ni muongo. Lakini zaidi uliza Cathy. Alikuwa pale, pembeni, na chungu. Aliona yote.