Zamu Mia Moja kwa Kipaza Sauti Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi wanaopata mwanzo mzuri ni kukaa kitako wakiutazama. Wahenga walituonya kwamba mwanzo ni mgumu. Hakuna aliyetuonya kuhusu mwanzo mwepesi, nao ndio unaoangamiza. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, nimewaona kwa macho yangu: wa kwanza darasani muhula wa kwanza, wa ishirini muhula wa tatu. Naandika haya mapema ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Maana leo nimepata mwanzo mzuri.

Nieleze kwa utaratibu. Mjukuu wetu anaolewa Jumapili ya tarehe 16. Mababu ni wawili: mimi, mzaa baba, na mkwe wangu mshonaji, mzaa mama. Hotuba ya wazee ni moja, dakika kumi, na mshereheshaji kasema hataki mjadala. Mimi naitaka. Mkwe naye anaitaka. Tumebishana kwa adabu wiki mbili, kila mmoja akimwachia mwenzake kwa namna ya kutomwachia. Leo bibi harusi kachoka. Kasema, "Babu zangu, nawapenda sawasawa, lakini kipaza sauti ni kimoja." Kaweka mchezo kwenye kompyuta yangu na kwenye kishikwambi cha mkwe. Mchezo wa kujenga himaya juu ya ramani moja. Zamu mia moja, kumi kwa siku, kila mtu kwake. Mwisho huhesabiwa miji, watu na elimu. Mwenye alama nyingi ndiye msemaji.

Mji wangu mkuu umeangukia pale mto unapoingia baharini. Ngano kushoto, ngano kulia, chuma kwenye vilima vya nyuma. Mashariki bonde pana, tupu, linaningoja. Mkwe kaangukia nyika kavu na kondoo wawili. Nimemwonea huruma, kwa kiasi.

Hotuba imefika ukurasa wa kumi na tisa. Bibi harusi bado hajazaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kulikalia bonde. Lakini huwezi kupeleka watu mahali usipopajua. Zamu zote kumi nimemtembeza mpelelezi wangu, nami huku nikilichora bonde kwenye karatasi ya miraba. Kipimo cha ramani, kaskazini, ufunguo. Ramani safi.

Mke wangu kauliza kwa nini nisipeleke tu watu wakajenge. Nikamweleza hatua za upimaji wa ardhi. Akauliza kama bonde litaningoja. Nikamwambia, "Mama, bonde halina miguu."

Alasiri mkwe kapiga simu. Sauti ya unyenyekevu. "Mwalimu, mwenzako niliishia darasa la saba. Hivi mji wa pili mtu ajenge wapi?"

Nilimweleza. Maji, udongo, mwinuko. Dakika arobaini. Jambo la kitaalamu halieleweki bila mfano, na mfano uliokuwa karibu ni bonde la mashariki.

Jumatano, 5 Machi

Mkwe kajenga bondeni.

Mke wangu kapita na kikapu cha nguo, katazama kioo cha kompyuta, kasema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," kaendelea na safari yake ya kwenye kamba ya kuanikia.

Nikampigia mkwe kulalamika. Kasikitika sana. Kasema alidhani namwonyesha mahali. Kwa kuwa simu ilikuwa imeshaunganishwa, akaniuliza ukuta wa mji hujengwa wakati gani, na kama kilima kinasaidia.

Ni swali zuri. Kati ya wanafunzi elfu tatu niliowafundisha, labda wanne wangeliuliza. Kilima kinasaidia sana.

Zamu za leo: nimeanza Maktaba Kuu. Itachukua zamu hamsini. Elimu ndiyo msingi.

Alhamisi, 6 Machi

Ujasusi. Nimekwenda kwenye duka la mkwe kwa kisingizio cha suruali ya harusi, ipunguzwe kiunoni.

Kishikwambi kimeegemezwa kwenye cherehani, katikati ya chaki na mkasi. Ukutani, pale anapotundika karatasi za kupimia na kukatia nguo, nimeona maneno yangu. Yote. Kayaandika kwa chaki kwa mwandiko wa mtu asiyetaka kusahau: mji karibu na maji, usianze jengo kubwa kabla ya miji mitatu, ukuta juu ya kilima, vipande vidogo visitupwe. Hilo la mwisho si langu, ni lake. Kasema kitambaa kilichobaki kwenye gauni hutoa mfuko, na ardhi ni hivyo hivyo. Keshaweka vijiji viwili kwenye pembe ambazo mtu mwenye akili asingezitazama.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni kaniangalia juu mpaka chini. "Huyu ndiye mwalimu mwenyewe? Tunakusikia kwenye spika kila siku. Siku ile ya udongo nilikosa mwisho wake."

Mkwe kaona haya kidogo. Kasema, "Usinifikirie vibaya, Mwalimu. Mshonaji asiyeuliza hushona suruali ya jirani."

Nilikuja kupeleleza. Nikakuta kaandika "umwagiaji" badala ya "umwagiliaji". Nilichukua chaki nikasahihisha. Halafu, kwa kuwa chaki ilikuwa mkononi, nikamwongezea mambo mawili kuhusu mitaro. Na yule mama nikammalizia udongo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkakati mpya: hila. Nimekaa nikatafakari nikaona udhaifu wangu ni kusema kweli.

Mkwe kapiga saa nne. Anataka kujua mji wa tano auweke wapi. Nikamwambia kwenye kinamasi. Nilisema kwa sauti imara. Akanishukuru, akasema Mungu anizidishie.

Nikaingia kuoga. Sabuni kichwani, nikawaona raia wa kinamasini. Mbu. Mazao yanaoza. Miaka thelathini na minne sijawahi kumpa mwanafunzi jibu la uongo. Jibu refu, ndiyo.

Nikatoka na taulo, nikampigia. Nikamwambia nilikosea, kinamasi ni balaa, aweke kwenye rasi ya kaskazini. Nikamweleza na sababu za mbu. Kasema alishangaa kidogo lakini aliona labda ni elimu ya juu.

Mke wangu: "Mzee, umempa tena?" Nikasema nimesahihisha tu. Akasema funga taulo vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Nimezima simu. Kimya tangu jana asubuhi. Nidhamu ya chuma. Nilishangaa jinsi nyumba ilivyo tulivu.

Saa tano mkwe kapiga simu ya mke wangu. Mke wangu kasimama mlangoni mwa jikoni, mkono una unga, simu kaibana begani. "Mkweo anauliza farasi na mashua, kipi kwanza."

Nikatikisa kichwa kwamba sisemi.

"Kasema hasemi," mke wangu kamwambia. Kasikiliza. "Anasema basi atajaribu mashua jangwani."

Mtu ana mpaka wake. Nikasimama. Nikamwambia mke wangu amwambie kwamba mashua ni za pwani na farasi ni wa nyika. Akamwambia. Amwambie pia kwamba farasi wanahitaji malisho. Akamwambia. Kwenye malisho ya msimu alinikabidhi simu yenyewe, kwa sababu unga ulikuwa unakauka.

Maktaba Kuu: imebaki zamu nne.

Jumatatu, 10 Machi

Maktaba imekamilika mapema, kwa kuwa wakulima wote niliwahamishia huko. Njaa kidogo mjini. Wasomi wengi.

Leo vita. Mimi ndiye mwenye chuma, na chuma ndicho kinachoamua. Nimetengeneza vikosi vitano vya panga, nikavipeleka bondeni kuuchukua mji uliopaswa kuwa wangu. Nilimtumia mkwe ujumbe wa kiungwana kumjulisha, pamoja na maelezo mafupi ya maana ya kuzingirwa.

Mji uko juu ya kilima. Ukuta uko pale pale nilipomwambia. Mtaro mbele yake umechimbwa kwa vipimo vyangu. Vikosi vyangu vyote vitano vimekwisha.

Niseme ukweli kwa sababu hii ni shajara. Kwa muda wa nusu saa nilijivunia ule ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Zamu ya mia. Bibi harusi kaja mwenyewe kusoma matokeo. Kakaa kwenye kiti changu, miguu juu kama alipokuwa mdogo.

Mkwe: miji tisa. Alama mia sita hamsini na tano.

Mimi: mji mmoja, wenye maktaba. Alama mia nne na kumi na mbili.

Kaitazama ramani. Halafu: "Babu, wewe ulikuwa na kila kitu. Mto, ngano, chuma, bonde. Mimi mwenyewe sijawahi kupata mwanzo kama huu. Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa naweka msingi.

Kanikumbatia shingo. Kasema nisijali, nitakaa meza ya mbele. Nikamwambia sijali. Nikamwambia pia huyo kijana anayeninyang'anya mchumba ajihadhari, babu hajashindwa kila mahali. Akacheka. Alipotoka nikaitazama hotuba. Kurasa ishirini na sita.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kaniuliza, anachambua mchele, kwenye kurasa zote hizo ninachotaka hasa kumwambia mtoto ni nini.

Nikamwambia kiko ukurasa wa ishirini na tatu. Siku ile alipokuwa na miaka sita, amekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia, akasoma ukurasa mzima peke yake kwa mara ya kwanza, kisha akaniambia, "Babu, sasa na wewe unaweza kupumzika." Nami nikatoka nje kwenda kutazama mabati, maana sikutaka anione.

Mke wangu aliacha mchele. "Baba, si uanze na hilo?"

Nikamweleza kwamba jambo kama hilo haliwezi kusimama bila maandalizi.

Jumapili, 16 Machi

Harusi. Ukumbi umejaa, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, kazi ya mkwe, na vipande vilivyobaki ni maua ya mezani.

Mkwe kaitwa. Kasimama na suti aliyojishonea. Kasema yeye si msemaji. Kasema alijifunza kushona kwa kuuliza, na uzeeni kapata bahati ya kumuuliza mtu ambaye hachoki kujibu, hata wakiwa kwenye ushindani. Akamgeukia bibi harusi: "Mwanangu, kwenye ndoa ukikwama, uliza. Na huyu mwenzio akikuuliza, mjibu, hata kama mnashindana." Makofi. Yule mama wa gauni alikuwa analia.

Dakika tatu. Hakuwa na utangulizi, hakuwa na vichwa vya habari, lakini niliona watu wamemwelewa.

Halafu kasema zimebaki dakika saba, na hizo anampa Mwalimu.

Sikutarajia. Kipaza sauti mkononi, ukumbi kimya, bibi harusi kaegemea mbele, macho kwangu. Mke wangu kwa midomo tu: anza na hilo.

Nikaanza kwa kueleza kwamba hotuba imegawanyika katika sehemu nne. Nikaeleza kwa nini ni nne na si tatu. Nikafafanua neno "ndoa", na kulitofautisha na "harusi", kwani wengi huyachanganya. Nikatoa mfano wa mito miwili inayokutana. Mfano ulihitaji ramani, nikauomba ukumbi ujichoree akilini. Nilikuwa nafungua ukurasa wa nne pale muziki ulipoanza. Mshereheshaji kanishika kiwiko kwa heshima sana.

Mjukuu kapita karibu yangu wakati wa kucheza. "Babu, kulikuwa na kitu ulitaka kuniambia?" Nikasema ndiyo, lakini si cha kusemwa hapa kwenye kelele.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi tulivu. Nimeyatafakari yote bila hasira. Mkwe alinishinda kihalali. Kosa langu ni moja tu, kwamba sikujiandaa vya kutosha. Zamu hamsini kwa maktaba zilikuwa chache. Na jana, mtu hawezi kuingia ukumbini bila ramani.

Bibi harusi kapiga simu. Anahamia kwa mumewe mbali, lakini Alhamisi atapita kuaga. Peke yake. Saa mbili nzima, kwenye meza ile ile, hakuna mshereheshaji, hakuna muziki. Kasema, "Uniambie kile kitu, Babu, nimekisubiri."

Mke wangu kasema ni sentensi moja, hata mlangoni inatosha. Nikamwambia, "Mama, mwanzo mzuri kama huu haujapata kunitokea maishani, sitauchezea."

La kufanya leo, kabla ya chai: kaa mezani, uandike utangulizi.