Breki za Mwalimu Kathambi

Misheck Njoka aliisikia faida kabla ya kuiona. Ilikuwa inateremka kutoka upande wa Kiirua, ikilia kwiii kila dereva alipokanyaga breki, na Njoka akashusha kikombe chake cha chai, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Pedi za mbele zimekwisha, akajiambia. Gari la familia. Dereva anakanyaga mapema, kwa hiyo ni mwoga. Mwoga hulipa.

Gereji yake pale Makutano haikuwa na ukuta wala paa. Ilikuwa kiwanja cheusi cha mafuta kati ya duka la mbegu na kinyozi, na mbele yake ubao wenye maandishi mekundu: DAKTARI WA MAGARI. HATUTIBU DALILI, TUNATIBU UGONJWA. Nathubutu kusema haujawahi kuandikwa uongo mkubwa zaidi katika kaunti hiyo, na hapo nimekumbuka hata mabango ya uchaguzi.

Gari lilikuwa la viti vinane, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Alishuka Salesio Kithinji, mkulima wa viazi, na nyuma yake mkewe, Mwalimu Kathambi, aliyekuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka ishirini na miwili na bado alimtazama kila mtu kama anayetafuta ni nani aliyerusha chaki. Njoka hakumjali. Alikuwa amekwisha kuugundua ugonjwa wa Salesio, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa gari: Salesio alipenda bei ya chini kiasi kwamba hakuuliza ilitoka wapi. Njoka akamtajia nusu ya bei ya mjini. Salesio akatabasamu hadi kofia ikasogea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya sanaa. Njoka alizitoa pedi zilizochakaa, akazipiga msasa mpaka zikang'aa, akazirudisha pale pale. Kisha akailegeza nati moja ndogo, kidogo tu, ili mafuta ya breki yavuje tone kwa tone, na baada ya wiki tatu hivi kanyagio liwe laini kama uji na mteja arudi mwenyewe bila kuitwa. Hakutaka mtu afe. Maiti harudi gereji.

Na kwa kuwa desturi ya mafundi ni kumkabidhi mwenye gari spea kuukuu, ili aone kwa macho yake kwamba zilitolewa, Njoka aliinama kwenye rundo la vyuma chakavu, akaokota pedi mbili za gari lolote, akazifunga kwenye gazeti, akampa Mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akashukuru.

Walirudi baada ya wiki tatu. Njoka alisikitika sana, akailaumu barabara, akailaumu mvua, akalaumu uzito wa viazi, akatoza nusu bei tena. Wakaja mara ya tatu, siku ya Jumatano, na safari hii Salesio hakutabasamu.

Maana jambo lenyewe halikuwa viazi. Kijana wao Muthamia alikuwa amempenda msichana wa Runyenjes, huko Embu, aitwaye Igoki, na familia ilipaswa kwenda kumposa. Mara mbili siku ilipangwa, mbuzi wa wageni akachinjwa, na mara mbili Salesio alipiga simu asubuhi kusema breki zimekataa. Mara ya pili, baba wa msichana, Mzee Mwaniki, alijibu kwa upole unaoumiza kuliko matusi. Alisema barabara ya Meru kwenda Embu inapitika hata kwa miguu kwa mtu mwenye nia, na kwamba wakishindwa mara ya tatu wasijisumbue kupiga simu, kwa sababu kuna familia nyingine imeuliza habari za Igoki, nayo inaishi karibu. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi hiyo. Muthamia alikuwa ameacha kula vizuri.

"Sasa hii, Mwalimu," Njoka alisema akipiga boneti kofi, "hata ukiisukuma kutoka mlimani itasimama yenyewe."

Alhamisi mchana Mwalimu Kathambi alikuwa akitafuta vitu vizito vya kuzuia nailoni aliyofunikia miche ya kabeji isipeperuke. Akakumbuka yale magazeti matatu ya spea kuukuu, moja kwa kila safari ya gereji. Aliyafungua juu ya meza, akapanga vyuma kwa jozi, kisha akakaa chini polepole. Jozi ya kwanza ilikuwa pana, ya lori. Ya pili ilikuwa ndogo, yenye matundu. Ya tatu haikufanana na yoyote. Ilikuwa kama mtu aliyemvua mtoto mmoja viatu mara tatu, na kila mara akatoka na viatu vya mtoto mwingine.

Alimwita mumewe. Salesio akavitazama, akageuka rangi, akasema anakwenda Makutano kumvunja mtu meno.

"Halafu Jumamosi tutaenda na meno yake?" mkewe aliuliza.

Alimweleza taratibu. Wakigombana, Njoka atakana, na siku itapita. Wakitafuta fundi mwingine kesho, hawamjui, na hawana pesa za kujifunza tabia zake. Lakini mtu anayejua kuharibu breki kwa kipimo namna ile, zisiue na zisipone, huyo ni fundi hasa. "Hakosi ujuzi," Mwalimu alisema. "Anakosa sababu. Wacha nimpelekee."

Alipata nafasi kwenye pikapu ya maziwa, akafika Makutano saa tisa, amebeba debe la viazi vyekundu. Njoka alipomwona moyo ulimruka. Alipoona hakuja na gari wala na Salesio, ukatulia.

"Fundi, nina shida," Mwalimu alisema. "Lakini si ya gari."

"Sema, Mwalimu. Kwangu shida zote ni za nyumbani."

Akamwambia kwamba Jumamosi wanakwenda Runyenjes kwa Mzee Mwaniki, kumposea Muthamia, na hawakuwa na msemaji. Salesio mbele za watu huwa bubu, na shemeji yake ana mdomo lakini hana adabu za Kiembu. Wanahitaji mtu wa kule kule, mzaliwa wa Embu kama yeye fundi, anayejua salamu za wazee, anayejua lini kutania na lini kunyamaza. Makutano nzima, alisema Mwalimu, ukiuliza ni nani mwenye ulimi, unaonyeshwa ubao mwekundu.

Huyu Njoka, mheshimiwa msomaji, angeweza kukataa pesa kwa sababu nzuri. Kukataa sifa hakuweza. Alisimulia hapo hapo posa nne alizozisemea, zote zikakubaliwa, moja ingawa bwana harusi alikuwa na jicho moja na madeni. Alisema angevaa suti ya kijivu. Alisema Mzee Mwaniki wamwachie yeye. Kinyozi na wateja wake walitoka nje kusikiliza, na mbele yao wote Njoka akatoa mkono, akakubali.

"Basi tutakuchukua hapa saa moja asubuhi," Mwalimu alisema. "Kiti cha mbele ni chako, kando ya Salesio."

Tabasamu la Njoka lilibaki pale pale lakini mwenyewe alikuwa ameondoka. "Tunaenda na gari gani?"

"Letu. Si ulilitengeneza jana?"

Njoka akapiga hesabu haraka. Nati aliilegeza jana. Wiki tatu za kubeba viazi ni kitu kimoja. Watu wanane na miteremko yote ile hadi Runyenjes, kona baada ya kona na mito huko chini, ni kitu kingine. Akaiona suti yake ya kijivu ikielea. Akasema labda ingefaa aende peke yake mapema, awasubiri langoni.

"Fundi, wewe ni mtu wa kule, mimi nikufundishe?" Mwalimu akacheka kidogo, akamgeukia kinyozi kama shahidi. "Lango la posa linafunguliwa mara moja. Wageni wanaingia pamoja, msemaji mbele. Anayekuja kivyake anabaki nje na mbuzi."

Kinyozi akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Njoka, aliyekuwa amejisifu kwa posa nne, hakuweza kusema hajui.

Akasema basi gari liletwe kesho aliangalie kidogo. Mwalimu akakataa, gari lilikuwa zima, si fundi mwenyewe alisema hivyo? Njoka akasisitiza. Mwalimu akasema hawezi kumsumbua, na tena wamemaliza pesa zote kwenye breki. Njoka akasema hataki pesa. Mwalimu akasema haiwezekani, fundi pia ana watoto wanaokula.

"Bure, Mwalimu," Njoka alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Nakuja Kiirua mwenyewe. Bure kabisa. Tafadhali."

"Kama unanilazimisha," Mwalimu alisema.

Ijumaa asubuhi Njoka aliingia duka la spea lililo ng'ambo ya barabara na kununua pedi mpya ndani ya boksi lisilofunguliwa, mipira ya breki, na mafuta chupa mbili. Mwenye duka, ambaye kwa miaka sita alikuwa hajamuuzia kitu kipya, alimuuliza kwa huruma kama kuna msiba.

Siku hiyo yote alifanya kazi uani kwa Salesio. Mwalimu aliketi karibu juu ya kigoda akisahihisha madaftari, na kila kifaa kilipotoka au kuingia aliuliza jina lake na kazi yake, kisha akamwambia Njoka arudie kwa sauti, maana hakusikia vizuri. Salesio alitumwa shambani kwa kuwa hakuweza kuzuia kicheko. Ilipofika jioni Njoka alilijaribu gari mwenyewe mteremkoni mara sita, mara ya sita akiwa amefunga mshipi. Ninaamini hakuna gari la raia katika jamhuri hii lililowahi kupewa breki kwa moyo ule. Hata mabati yanayozuia matope yalikazwa.

Jumamosi walisafiri. Salesio aliendesha akiimba tenzi. Njoka, kiti cha mbele, suti ya kijivu, alikanyaga sakafu tupu kwenye kila kona, na kila kona gari lilipunguza mwendo kwa utii kama ng'ombe anayeitwa kukamuliwa. Nyuma, Muthamia alishika chombo cha asali magotini, na nyanya yake akamwambia fundi aache kuhema hivyo, au anaumwa na tumbo?

Langoni kwa Mzee Mwaniki wanawake walikuwa wamefunga njia, wanaimba. Hapo Njoka akawa Njoka. Aliwajibu kwa Kiembu wimbo kwa wimbo, akasifu lango, akasifu mbwa, akaomba msamaha kwa makosa ambayo hawakuwa wamelaumiwa bado. Lango likafunguliwa. Ndani ya nyumba watu arobaini walimsikiliza kwa saa nzima, na hata Mwaniki, aliyekuwa ameketi kama mlango uliofungwa, alianza kulegea. Mbuzi wakakubalika. Asali ikaonjwa.

Ndipo mama wa msichana, Wambeti, aliposimama. Alisema hana neno na mbuzi. Ana neno na simu. Mara mbili waliambiwa breki, breki. Sasa wanampeleka mtoto mbali. Akitaka kuja kumwona mama yake, ataletwa na nini? Na siku akiumwa, watapigiwa simu ya breki?

Igoki, pembeni, alitazama sakafu. Muthamia alikuwa amekauka. Salesio alifungua mdomo, na mkewe akakohoa, kwa kuwa swali la namna hiyo hujibiwa na msemaji peke yake.

"Mama, hilo lisikusumbue," Njoka alisema, maana ulimi wake ulikuwa umezoea kutangulia. "Breki hizo sasa zimetengenezwa na fundi bora Meru nzima."

"Anaitwa nani?" Wambeti aliuliza.

"Ndiye huyo anayesema," Mwalimu Kathambi akajibu kwa upole.

Nyumba nzima ikageuka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na dirisha akainua miwani na kuuliza kama huyu si mtoto wa Njura, yule mama wa ng'ambo ya mto. Ndiye, wengine wakasema. Njura alikuwa pale kanisani Jumapili.

Ahadi iliyotolewa Makutano Njoka aliweza kuivua kama ovaroli. Lakini neno la msemaji, likisemwa ndani ya nyumba ya posa, huingizwa pamoja na mbuzi na asali, na hukumbushwa kila familia zikikutana, na wazee wa pale walikuwa wanamjua mama yake.

"Basi sema," Mwaniki alimwambia. "Breki za gari hilo, ni za nani?"

Njoka aliangalia mlango. Wanawake walikuwa wameujaza.

"Ni zangu," alisema. "Kila miezi mitatu nitazikagua mwenyewe."

"Kwa malipo gani?" Wambeti aliuliza.

"Bila malipo."

Watu arobaini wakasema amina. Wambeti akaketi. Mwaniki akamwita binti yake, na Igoki akachukua kikombe, akakipeleka moja kwa moja kwa Muthamia bila kukosea mtu, na vigelegele vikaezua nyumba.

Baada ya chakula, Mwalimu Kathambi alimwona Mzee Mwaniki akimshika Njoka mkono, akimtoa nje kwa heshima kubwa, kama wanavyotolewa wageni wa maana kuonyeshwa ng'ombe. Hakumwonyesha ng'ombe. Nyuma ya ghala la kahawa kulikuwa na lori kuukuu, limezuiwa na mawe kwenye magurudumu manne.

"Linateremka lenyewe," Mwaniki alisema. "Mafundi wa hapa wamekula pesa zangu miaka miwili. Lakini tangu leo wewe ni mkwe wetu, na mkwe hawezi kumtoza mkwe. Ingekuwa aibu hata kulitaja."

Njoka akageuka kutafuta msaada. Mwalimu Kathambi alikuwa amesimama karibu, na nyuma yake amepanga wazee watatu, shangazi wawili, na mwanamke mmoja mwembamba aliyetoka ng'ambo ya mto kwa haraka baada ya kusikia kwamba mwanawe ameheshimiwa hivyo. Mama Njura alikuwa analia kwa furaha.

Njoka akavua koti la kijivu, akamkabidhi mama yake, akalala chali kwenye majani, akajisukuma chini ya lori. Baada ya muda sauti yake ilitoka huko chini, ikiuliza kama kuna mtu mwenye spana namba kumi na nne.